Jukeboksi ya Babu: skrini ya keshia, hoofa mbovu na kanda 58

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ya kimya hicho ina uzito wa kilo kumi na tisa na imekaa sebuleni kwa babu yangu, Kilifi. Ni jukeboksi. Kwa wasioijua, jukeboksi ni lile sanduku la muziki lililokuwa likiwekwa katika baa na mikahawa: unatumbukiza sarafu, unachagua wimbo, sanduku linapiga. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko redio. Mwaka 1889, huko San Francisco, Marekani, Louis Glass aliweka fonografu ya sarafu ndani ya baa, na wateja wakasikiliza kwa mirija waliyotia masikioni.

Yangu haili sarafu. Ina skrini ya kugusa, na karibu kila kiungo chake kilikuwa kimeshatupwa na mtu.

Mwenye jukeboksi ni babu yangu mzaa mama. Ana miaka 81. Tangu ujana wake alikata mawe timboni, zile tofali za matumbawe zilizojengewa nyumba nyingi za Pwani, na alipoacha timbo akawa fundi wa ujenzi, chokaa na saruji mkononi kutwa. Ukimpa mkono ni kama umeshika kumbi la nazi. Alama za vidole hana tena. Kuna ofisi moja mashine ilikataa kabisa kumtambua, karani akamwambia arudi kesho, kana kwamba vidole huota usiku.

Babu ana kanda 58. Nyingi ni taarab ya Mombasa: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma. Baadhi zina chapa ya Mbwana Radio Service, wale waliouzia Pwani nzima taarab kwa miaka mingi. Nyingine zilirekodiwa harusini na kijana yeyote aliyekuwa na redio kaseti na betri za kutosha. Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein mwaka 2016, na redio kaseti ya Babu ikawafuata miaka michache baadaye. Nyumba ikanyamaza. Wajomba zangu wakachanga wakamnunulia simu ya kisasa, wakamwambia, "Baba, humu nyimbo zote zimo." Ni kweli zimo. Lakini Babu akigusa skrini, simu haisikii. Akibonyeza kwa nguvu, haisikii. Akigusa mara ya tano inafungua kitu ambacho hakukitaka. Siku moja aliniambia, "Mjukuu wangu, simu hii inanidharau."

Nyumbani wote walisema ni uzee. Mimi nilimtazama vizuri akiitumia, nikaona kosa si lake. Ni fizikia.

Skrini ya simu ya leo haipimi kama umeibonyeza. Chini ya kioo kuna wavu wa nyuzi zinazopitisha umeme, nyembamba mno hata hazionekani, na kwenye kila makutano ya nyuzi hizo kuna chaji ndogo ya umeme. Mwili wako una maji na chumvi, kwa hiyo kidole kikikaribia kinavuta sehemu ya chaji hiyo, na saketi inagundua ni makutano gani yamepungukiwa. Ngozi ikiwa nene na kavu kama ya mtu aliyeshika chokaa miaka hamsini, kinachovutwa ni kidogo sana, na programu iliyo ndani ya simu inaamua kwamba hayo ni makelele tu, si kidole. Ndiyo sababu hiyo hiyo skrini haikusikii ukivaa glavu. Ongeza na mkono unaotetemeka kidogo: hata pale simu inapomhisi, inadhani anatelezesha kidole, si kugusa.

Sasa, kuna aina nyingine ya skrini, ambayo vijana wengi huicheka. Ni ile ya mbonyezo. Ina kioo, na juu ya kioo kuna utando laini wa plastiki, na kati yao vitone vidogo vidogo vya kutenganisha. Vyote viwili vimepakwa rangi angavu inayopitisha umeme. Ukibonyeza, utando unagusana na kioo mahali hapo, na voltiji inayosomwa inaeleza ni wapi. Haijali kama umebonyeza kwa kidole, kwa ukucha, kwa kalamu au kwa mwiko wa ugali. Inataka mgandamizo tu, na mgandamizo Babu anao wa kuuza.

Watu hudhani skrini ya mbonyezo ni ya kale na ile ya chaji ni mpya. Kumbe ile ya chaji ndiyo iliyotangulia: E. A. Johnson aliieleza mwaka 1965 akiwa Malvern, Uingereza, katika kituo cha utafiti wa rada. Ya mbonyezo ilikuja miaka ya 1970 huko Marekani kwa kazi ya Sam Hurst na wenzake. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2007, iPhone ilipotoka na watu wakapenda kukuza picha kwa vidole viwili. Tangu hapo skrini za mbonyezo zikabaki hospitalini, viwandani na kwenye mashine za makeshia.

Makeshia. Hapo ndipo nilipopata mlango.

Mnakumbuka jinsi maduka makubwa kadhaa yalivyofungwa hapa Kenya katika muongo uliopita. Rafu ziliuzwa, friji ziliuzwa, na mashine za keshia nazo zikaenda mnadani, zikapita mkono hadi mkono mpaka zile zisizowaka zikaishia kwa wauza skrapu. Nilikuta moja Changamwe, imelala kati ya injini ya pikipiki na mabati. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Hiyo imekufa, bosi."

"Nataka uso wake tu."

"Uso bila roho wa nini?" Akaipima kwa kilo kama vyuma vingine, akaniambia shilingi 800.

Ndani, ubao mkuu ulikuwa umeoza kwa kutu ya kijani, kama mwani. Lakini skrini ilikuwa nzima: inchi 15, umbo la zamani la nne kwa tatu, nukta 1024 kwa 768. Na bahati kubwa zaidi, skrini ya kugusa iliyobandikwa juu yake ilikuwa ya nyaya tano. Tofauti ina maana. Katika skrini ya nyaya nne, voltiji hutandazwa kwenye kioo na kwenye utando kwa zamu, kwa hiyo utando ukichakaa mahali pamoja, vipimo vinapotoka. Katika ya nyaya tano, voltiji hutandazwa kwenye kioo peke yake, kutoka pembe zake nne, na utando ni waya wa tano wa kusoma tu. Utando ukikwaruzika, hesabu haiharibiki. Skrini iliyobonyezwa na makeshia kutwa kucha kwa miaka inahitaji uvumilivu huo. Niliipima kwa mita: pembe kwa pembe kuna mawasiliano, pembe na utando hakuna mpaka ubonyeze. Nilibonyeza kila sehemu kwa kifuniko cha kalamu, mita ikaitika kila mara. Nilifurahi peke yangu pale kibandani, fundi wa jirani akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Kibodi kidogo cha kusomea mguso kilikuwa bado kimeng'ang'ania nyuma yake, kinatoa waya wa USB, na Linux ilikitambua bila kuniuliza lolote. Skrini yenyewe ilinitoa jasho zaidi. Skrini ya namna hii haina tundu la kawaida la kuchomeka tarakilishi (wengine mnasema kompyuta, sawa, hatugombani). Ina utepe wa nyaya nyembamba, na inahitaji bodi ya kutafsiri kati yake na tundu la VGA. Nilisoma namba iliyoandikwa nyuma ya paneli, nikampigia muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi, akaniwekea bodi iliyopangwa kwa paneli hiyo na kuituma kwa basi la usiku. Shilingi 2,300. Ndicho kifaa ghali kuliko vyote mle ndani.

Tahadhari moja kwa anayetaka kunifuata: skrini za umri huo huangazwa na mirija myembamba ya taa, si LED, na saketi inayoiwasha hutoa mamia ya volti. Usiiguse ikiwa hai, na ukizima subiri kwanza. Nimeona fundi mzoefu akirushwa na kitu kidogo kama kiberiti.

Ubongo wa jukeboksi ni laptop ya mwaka 2010 ambayo kazini walikuwa wanaitupa kwa sababu kioo kilipasuka. RAM GB 2. Kwa kazi za leo ni konokono, kwa kupiga muziki ni nyingi mno. Niliondoa kifuniko chote na diski ya kuzunguka, kwa sababu diski inayozunguka na spika haifai vikae sanduku moja, nikaweka SSD ya mtumba ya GB 64.

Sauti inatoka kwenye hoofa ya mjomba iliyokuwa imekufa. Hizi hoofa za bei nafuu zilizojaa majumbani kwetu, ukizifungua nyingi utakuta transfoma moja nzuri na vipande vitatu vya TDA2030, kila kimoja kikihudumia spika yake. Kimoja kilikuwa kimepasuka katikati. Kipya ni shilingi 100. Spika mbili za inchi sita zilitoka kwenye matatu iliyokuwa inabadilishiwa muziki, na mwenyewe alishangaa kwamba kuna mtu anazitaka. Mbao ni za kabati la marehemu bibi, mvule mtupu, ambalo mlango wake mmoja ulishaliwa na mchwa. Seremala wa Babu alizipiga randa akasema siku hizi mbao kama hizi hazipatikani, akaongeza bei kwa heshima yake.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, ilinguruma. Si muziki, ngurumo: mmmmm ya chini isiyokoma, hata sauti ikiwa imepunguzwa mpaka mwisho. Ukisikia hivyo jua ni stima ya nyumbani, ile ya mizunguko 50 kwa sekunde, imepata njia ya kuingia katika sauti. Laptop ilikuwa na chaja yake, amplifaya na transfoma yake, bodi ya skrini na adapta yake, na kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda kwenye ardhi ya saketi. Njia mbili kati ya vifaa viwili hufanya duara, na duara hilo hunasa stima iliyo hewani kama antena. Nilikata ngao ya waya wa sauti upande mmoja, nikaleta ardhi zote kwenye boliti moja karibu na transfoma, na nikasogeza saketi ya taa za skrini mbali na waya wa sauti. Ngurumo ikakatika kama mtu aliyefunga mlango. Ilinichukua wikiendi mbili kuandika aya hii moja.

Haya, vyuma tuviache. Kazi yenyewe ilikuwa kanda.

Kanda hazina haraka. Huwezi kunakili kanda kama unavyonakili faili. Lazima ipige mwanzo hadi mwisho na tarakilishi isikilize. Babu alikuwa na kanda 41 za dakika 60 na 17 za dakika 90, jumla saa 66 na nusu. Kwa ubora wa CD, kila dakika ni takriban MB 10.6, kwa hiyo zote pamoja ni kama GB 42. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni hali ya kanda zenyewe. Hewa ya Pwani ina chumvi na unyevu, na kanda zilizokaa ndani ya kasha la bati chini ya kitanda huota kuvu, vumbi jeupe pembezoni mwa mkanda. Ukiipiga hivyo hivyo, kuvu inahamia kwenye kichwa cha kusomea na kwenye kanda inayofuata. Nilizisafisha nje, nimeziba pua, kwa pamba na spiriti isiyo na maji mengi, nikizungusha kwa kalamu ya Bic kama tulivyofundishwa na kaka zetu.

Deki niliyookota ilikuwa na ukanda wa mpira ulioyeyuka ukawa kama lami. Wengine husafisha, wakaweka mpira mpya, wakaanza kazi. Mimi nawaomba mfanye jambo moja zaidi. Karibu na kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo inayobadilisha mwinamo wake. Kanda iliyorekodiwa na mashine ambayo kichwa chake kilikuwa kimepinda kidogo, ukiipiga kwenye mashine iliyonyooka, sauti za juu zinafifia na mwimbaji anakuwa kama yuko nyuma ya pazia. Kwa kila kanda niligeuza skrubu hiyo taratibu huku nasikiliza, mpaka kidole cha mpiga udi kikasikika kikikwaruza uzi. Kuna kanda zilizohitaji robo mzunguko mzima. Kama ningetumia vile vidude vidogo vya USB vya kunakilia kanda, pazia hilo lingebaki milele.

Msongo wa kanda, ile sss ya nyuma, sikuuondoa. Programu za kuuondoa zipo na nimezijaribu. Zinakula msongo, kisha zinakula na nusu ya udi. Babu hausikii msongo huo hata kidogo. Ameusikia miaka hamsini.

Halafu kulikuwa na kanda iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, "Harusi 1993". Harusi ya mama yangu. Ilirekodiwa upande wa wanawake, vugo na vigelegele, na anayeongoza nyimbo ni bibi yangu. Bibi alifariki mwaka 2009, nami nikiwa bado shule ya msingi. Picha zake zipo. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe palikuwa kanda iliyogandamana kwa kuvu, ndani ya ganda lililobandikwa kwa gundi badala ya skrubu, na mkanda umekatika karibu na mwanzo.

Sikuigusa kwa wiki tatu. Nilijifunza kwanza kwa kanda nyingine ambazo Babu mwenyewe alisema hazina kitu. Ganda la gundi hupasuliwa kwa wembe pembezoni, polepole, kanda ikiwa imelazwa, ili magurudumu yasiruke nje. Kisha unahamishia magurudumu mawili kwenye ganda jipya la skrubu. Mkanda uliokatika huungwa kwa utepe maalumu mwembamba, upande wa nyuma, kamwe si kwa selotepu ya kawaida, maana gundi yake huvuja na kunata kwenye tabaka linalofuata. Palipogandamana nilizungusha kwa mkono, mzunguko mmoja mmoja, nikasimama kila nilipohisi mkanda unavuta. Mahali pawili rangi ya kahawia ilibanduka ikabaki imeshikana na tabaka la jirani. Hapo hakuna sauti tena. Jumla nimepoteza karibu dakika nne kati ya sitini.

Nilimpigia Babu rekodi hiyo kabla jukeboksi haijakamilika, kwa spika ya mezani. Mama alikuwepo, akatoka nje. Babu alisikiliza upande mzima bila kusema neno, kisha akanyoosha kidole: "Hapo amechelewa kuingia. Kila siku nilimwambia anachelewa kuingia." Akataka irudishwe.

Baada ya hapo niliandika programu. Kazini ningeanza na programu, lakini hii ilibidi nimwone mtumiaji kwanza.

Programu nyingi za muziki hugawa kila kitu kuwa nyimbo: jina la wimbo, msanii, albamu. Babu hajui majina ya nyimbo zake nyingi. Anajua kanda. Anasema "ile ya Bhalo yenye karatasi ya kijani, upande wa pili", na anajua kwamba wimbo fulani ukiisha, unafuata ule. Kwa miaka arobaini nyimbo hizo zimefuatana hivyo, pamoja na kikohozi cha mtu katikati. Kwa hiyo sikukata nyimbo. Kila upande wa kanda ni faili moja, na kwenye skrini hakuna maandishi. Kuna picha ya kanda yenyewe niliyoipiga juu ya meza, na karatasi yake, na mikwaruzo yake.

Kila ukurasa una kanda sita, safu mbili za tatu. Kila picha ni nukta 300 kwa 300, ambazo kwenye skrini hii ni karibu sentimita tisa, ukubwa wa kiganja. Chini kuna vitufe vitatu tu: nyuma, simama, mbele. Kurasa kumi zinatosha. Ukigusa kanda inapiga upande wa kwanza. Ukiigusa tena inageuka upande wa pili, kama ungeigeuza mkononi. Hakuna kutelezesha, hakuna kushikilia, hakuna menyu. Sauti ya juu na chini sikuiweka kwenye skrini kabisa. Niliacha kile kirungu cha kuzungusha cha hoofa, kwa sababu kirungu ni kirungu na kila mtu anakijua.

Mtetemo wa mkono ulihitaji hesabu kidogo. Niliweka programu ya kunakili kila mguso kwa siku mbili, nikaona Babu akibonyeza mara moja skrini inahesabu hadi miguso minne ndani ya nusu sekunde. Sheria niliyoweka ni nyepesi: mguso usiodumu walau sehemu 60 za elfu ya sekunde hauhesabiwi, ukidumu, wastani wa nafasi zake ndio unaochukuliwa, na baada ya kidole kuondoka, skrini haisikii kitu kwa sekunde 0.8. Kijana mwenye haraka ataona skrini ni nzito. Haikujengewa yeye.

Chini ya hayo yote kuna Debian na MPD, programu huria ya kupiga muziki ambayo haihitaji kuonekana. Uso wake nimeuandika kwa Python na Pygame, mistari isiyofika mia nne. Na kwa kuwa stima hupotea bila kubisha hodi, mfumo wote umefungwa usiandikike. Ukichomoa waya ghafla hakuna kinachoharibika, kwa maana hakuna kilichokuwa kinaandikwa. Isipokuwa kitu kimoja: sehemu ndogo ya diski inayokumbuka kila kanda ilifika wapi. Redio kaseti ukiizima inasimama palepale, na ukiiwasha inaendelea, na Babu hakutarajia vingine. Programu huandika nafasi hiyo kwenye faili mpya kila sekunde kumi, inahakikisha imefika kwenye diski, ndipo inabadilisha jina lake lichukue mahali pa ile ya zamani. Stima ikikatika katikati, moja kati ya faili hizo mbili inabaki nzima.

Mtaniuliza gharama. Skrini 800, bodi 2,300, kipande cha amplifaya 100, SSD 1,500, spika 1,000, seremala 2,500, na spiriti, utepe, fyuzi, waya na mpira wa deki kama 900. Jumla shilingi 9,100. Simu inayomdharau ilinunuliwa kwa zaidi ya hapo.

Na kabla hamjaniandikia: nyimbo sitawatumia. Kanda Babu alizinunua kwa pesa yake, na sanduku halijaunganishwa na mtandao wowote. Wasanii hawa wengi wameacha wajane na watoto, na wamedhulumiwa vya kutosha na wanakili wa kanda mitaani enzi hizo.

Kazi haijaisha. Kanda tatu bado zinakauka ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na moja kati yake Babu anadai ina sauti ya baba yake akisimulia safari ya jahazi, ingawa mjomba anasema ni mahubiri tu ya redio. Pia nataka kuongeza betri ndogo ya UPS, ili stima ikipotea katikati ya wimbo isiwe lazima ipotee na sanduku. Hapo kuna hesabu ya kufanya, kwa sababu transfoma ya hoofa inataka stima ya ukutani na haitakubali betri hivi hivi. Huenda nikabadilisha amplifaya iwe ya volti 12.

Juzi Babu alinipigia simu, kwa ile simu ya zamani ya vitufe, kuniambia kwamba mzee wa nyumba ya tatu amekuja na mfuko. Ndani kuna kanda ishirini na mbili. "Mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita akitaka kitu, "nimemwambia Jumamosi utakuja na bisibisi."